Mkasi Ndani ya Filamu ya Kikorea

Kazi yake ilikuwa kuwapa Wakorea wa filamu Kiswahili. Aliketi katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, maikrofoni mbele, daftari pembeni, akawasemea wote: bibi, askari, hata mtoto anayelia. Mazombi tu ndiyo aliyaacha yakorome yenyewe.

Wateja wa duka la filamu walisema wanapenda damu. Mfasiri hakubishana nao, lakini alikuwa ameandika daftarini sehemu wanazonyamaza, na hakuna hata moja yenye damu. Wananyamaza pale mtu waliyekwisha kumzoea, anayekoroma, anayedanganya umri wake, anaposhusha mkono wa shati kuficha alipong'atwa. Wakorea hawana pupa. Wanakupa nusu saa nzima umpende mtu, ndipo wanamgeuza zombi.

Filamu ya wiki ile ilikuwa ya ndugu wawili madobi. Mdogo anang'atwa. Mkubwa anamsukuma nje, anafunga mlango, kisha anauegemea kwa paji la uso, maana huko nje mdogo bado anamwita kaka. Kwa dakika mbili bado ni yeye.

Wiki tatu nyuma, mfasiri naye alimtoa nje mdogo wake, kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi. Pombe ilikuwa imemchukua mzimamzima. Mchana ule alimrushia mama yao sahani. Tangu hapo hakuna aliyejua analala wapi.

Mfasiri hurekodi mfululizo, hakati, harudii kusikiliza, duka linasubiri. Kesho yake baada ya kuipeleka ile ya madobi, mwenye duka akapiga simu.

"We mzee, Mkorea gani anaitwa Mkasi?"

"Nani?"

"Pale mlangoni! Umesema, 'Mkasi, nisamehe, sikujua pa kukupeleka.' Watu wamecheka weee, halafu kimya. Nirekebishie bwana!"

"Umeshauza?"

"Flashi arobaini. Hata kwa kinyozi wanayo."

Akakata simu, akatoka. Alipofika kwa kinyozi, alikokuwa akifanya kazi mdogo wake, televisheni ilikuwa inawaka juu ya vioo. Kinyozi mkuu alikuwa na mteja, hakugeuka.

"Alikuja asubuhi. Mkavu kabisa, hajagusa pombe. Tukamtania, 'Mkasi, umekuwa staa wa Korea!' Hakucheka. Akaomba turudishe kile kipande, mara mbili. Akanawa uso, akajinyoa ndevu, akasema anakwenda nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu hivi."

Sasa ilikuwa saa nane. Mfasiri alikimbia nyumbani, yeye mwenye magoti mabovu.

Alibisha, akajitaja, ndipo mama yake akatoa komeo.

"Mama, amekuja?"

"Kuna mtu alibisha. Nikauliza, nani? Akawa analia tu, mwanangu, hasemi. Nawe ulinikataza nisimfungulie mtu asiyejitaja."

Ni kweli alimkataza. Alimkumbusha maneno hayo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama dawa.

"Alikaa sana?"

"Sana. Nilisimama hapa hapa, mkono kwenye komeo." Mama akamtazama. "Alikuwa yeye?"

Mfasiri aliuliza nyayo zilielekea upande gani. Mama hakujua, hakuthubutu kuchungulia. Basi akashuka ngazi akiita, "Mkasi! Mkasi!" kwa sauti iliyokwisha kukauka, na mama akamfuata peku, mlango wameuacha wazi.