Makofi ya Shangazi

Shangazi yangu ni dobi, na hajui kutulia. Kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu kiwanda kitakachojengwa nyuma ya kamba zake, kila mara alitoka kuchungulia nguo. Wingu lilipotanda, akakimbia kuzianua. Aliporudi akihema, alikuta ukumbi unapiga makofi. Naye, kwa adabu, akapiga kuliko wote. Nilichelewa kumshika mkono.

"Tunampigia nani?" akaninong'oneza.

"Afisa wa mazingira kasema wanaokubali kiwanda wapige makofi."

Shangazi akapanda juu ya kiti. "Wee! Makofi yangu nayataka!"

"Mama, yameshahesabiwa," afisa akajibu, akifunga mkoba.

Siku hizi shuka nyeupe anazifua mara mbili kwa sababu ya masizi. Na hata harusini, shangazi hukalia mikono yake.