Miparachichi Kando ya Pamba

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Dutwa, malori yaligombania pamba, kisha ghafla yakatoweka. Yetu ikabaki ndani, imejaa hadi chumba cha kulala. Kila gari lilipounguruma barabarani, mume wangu aliacha ugali akakimbia kuchungulia. Lilikuwa basi la Bariadi tu.

Mimi nami sikutulia. Nilikuwa nimerudi na mbegu za parachichi kutoka harusini Mwanza, nikazipanda kwenye makopo. Kila asubuhi nilizifukua kuona kama zimechipua.

"Utaziua," mama mkwe alinionya. "Kuku anayeinuliwa kila mara hatotoi."

Zilichipua. Mvua zilipoanza niliihamishia miche kwenye udongo mweusi wa mbuga, kando ya pamba. Maji yakatuama, majani yakageuka njano, miche mingi ikaoza mizizi. Michache iliyobaki niliipeleka juu, penye kichanga, karibu na nyumba. Huko nako jua likaibabua. Nililia kama mtoto.

Mama mkwe alikuja na jembe. Akapanda mbaazi kuizunguka miche, na maharage katikati.

"Mti mchanga unataka wenzake, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Usiuache peke yake."

Mbaazi ziliporefuka na kutoa kivuli, miche ikashika.

Pamba hatimaye ilichukuliwa na mnunuzi mmoja aliyekuwa akiinung'unikia rangi yake ili ashushe bei. Mume wangu alikasirika, akaapa kwamba hatasubiri tena lori la mtu, akaigeukia miche yangu. Alikuwa amesikia kuwa mti uliooteshwa kwa mbegu huchelewa kuzaa, ila ukiubebesha kikonyo, yaani kijitawi cha mti mzuri, huwahi. Akapanda baiskeli hadi Kiloleli, akarudi na vikonyo alivyovifunga kwa kitambaa kibichi.

Alikata shina la mche kwa wembe, akalipasua, akachomeka kikonyo kilichochongwa. Akanipa ukanda wa nailoni nifunge.

"Kaza nailoni! Usipumue!"

"Nisipopumua nitakazaje?"

Vingi vilikauka. Viwili vilishika, na tulivichungulia hadi mama mkwe akatukataza kupita pale.

Miti ilipozaa, mama mkwe ndiye aliyegoma kuonja. "Tunda gani lisilo na utamu?" Nikamnyunyizia chumvi. Alikula, akanyoosha sahani tena.

Jirani akaomba vikonyo. Mume wangu alimkatia papo hapo, na kabla jirani hajaenda akawa anamuuliza kama michungwa ingekubali kwenye kichanga kile.