Krimu ya Kubonyeza

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni kwa jirani yangu, mwalimu wa kike, nikingoja kahawa. Shemeji yake, aliyeketi nasi, alikuwa amerudi juzi kutoka masomoni Ulaya na kumletea kopo la krimu. Ukilibonyeza, linatoa povu jeupe kama pamba. Sote tulilipigia makofi.

Mara akabisha hodi mama anayemletea jirani maziwa kila siku kutoka kijiji cha ujamaa karibu na Mbalizi.

"Mama, leo sichukui," jirani akamwambia bila kumtazama usoni. "Na kesho usihangaike. Nina hili."

Mama yule hakubishana. Aliweka galoni lake la maziwa chini, akavuta kigoda, akaketi. "Basi nipulizie na mimi, mwanangu, nionje."

Akapewa kahawa yenye kilima cha povu. Hakunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama tu, nasi tukajikuta tunakitazama. Povu likanywea, likanywea, mpaka kikabaki kiduara cha mafuta juu ya kahawa nyeusi.

"Limekwenda wapi?" akauliza kwa upole.

Jirani alicheka mpaka akashika meza, kisha akaleta sufuria. "Nimiminie lita mbili, mama. Na kesho uje mapema."

Wazungu wana akili nyingi, sikatai. Lakini kumuuzia hewa mtu aliyekamua ng'ombe alfajiri kunataka ujasiri. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogeza kikombe chake kwenye galoni.