Ripoti Niliyoiandika Barazani

Kosa ni langu. Nililoliona nitasema nimeliona. Nililolisikia nitasema nimelisikia. Laiti ningeishika adabu hiyo siku ile.

Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu. Chuo kimoja cha ubaharia kilikuwa na darasa la awali hapa Kanoni, la kuwafundisha vijana kuongoza chombo kwa dira kabla hawajapelekwa ziwani. Niliombwa kuitathmini kozi hiyo. Mkufunzi alikuwa Koku, niliyepata kumfundisha mimi mwenyewe.

Mazoezi yalifanyika katika kibanja cha migomba cha jirani yangu, Ta Byabato. Kijana aliingia migombani peke yake na dira, akatakiwa kutokea kwenye kigingi upande wa pili. Mimi nilikaa barazani. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyangu vilikuwa safi.

“Shikamoo, Mwalimu. Ingia nao mara moja tu,” Koku alisema. “Humo huoni hatua kumi mbele. Ni kama ukungu wa ziwani.”

“Marahaba. Nimekwisha kuona ya kutosha.”

Sikuwa nimeona kitu ila migomba.

Aliyenisimulia ni Ta Byabato. “Wanazurura tu humo, Mwalimu, kama mbuzi waliokata kamba.”

Maneno yake niliyaandika kwa Kiswahili sanifu zaidi, nikatia saini. Katika daftari la mwanafunzi mmoja nilikuta sentensi hii: ‘Panga lisikaribie dira, chuma huvuta sindano.’ Niliikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: haihusiani na majini. Kana kwamba mashua haina injini.

Darasa lilifungwa. Barua ya chuo ya kulifunga niliisoma mwenyewe. Ilinukuu ripoti yangu neno kwa neno. Koku alipokuja kuniaga aliniachia dira moja na karatasi ya zoezi.

“Ukipata nafasi, Mwalimu, jaribu.”

Nilimwona akipanda bodaboda, sanduku mapajani.

Juma lililofuata niliingia kibanjani. Dira niliishika mbele ya kifua, panga kwapani, kwa kuwa mtu mzima haingii kibanjani mikono mitupu. Niliifuata sindano kwa uaminifu mkubwa. Nikatokea nyuma ya jiko la Ta Byabato, mkewe akimenya ndizi.

“Karibu, Mwalimu,” alisema bila kuinuka. “Leo unakagua matoke?”

Nilirudi nilikoanzia, nikaliacha panga barazani, nikaingia tena.

Nimekwisha kuandika barua ya kuikanusha ripoti yangu, jibu sijapata. Nasikia Koku sasa anauza vitenge Bugomora. Nasikia pia wale vijana wamerudi kupalilia kahawa za wazazi wao. Hayo sikuyaona.

Ninyi mnaopewa kalamu ya kupima kazi ya mwenzenu, lowesheni viatu kwanza.

Ninaloweza kuliapia ni moja. Safari ya pili, bila panga, nilitoka migombani na goti langu likagonga kigingi.