Mama Mkwe Akianguka Mchana

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba kochi letu likiuzwa, mnunuzi atanichukua na mimi. Hata mafunzo ya huduma ya kwanza niliyahudhuria kwa kuwa yalifanyika kanisani, nyuma ya ukuta wetu. Kumbe cheti kina miguu. Haukupita muda, sekondari ya jirani ikaniomba nikawafundishe kidato cha tatu kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama.

Mdoli wa kufundishia hatukuwa nao. Tulijaza pamba kwenye kiroba, tukakivisha shati la shule. Wanafunzi wakabonyeza, kifua kikazama na kubaki huko huko.

"Huyu tumeshamuua," binti mmoja akasema.

Nikawaeleza kwamba kifua cha mtu huinuka, na wakiache kiinuke kabla ya kubonyeza tena, kwa nguvu na haraka. Ndipo mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na akiwa mama mkwe?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kwetu Wasukuma mama mkwe unampisha njia, mkono humpi, sembuse kumwekea viganja kifuani. Na wangu alikuwa kwangu, ametoka Sapiwi kuja kliniki ya moyo hapa Bariadi. Mke wangu hushinda dukani. Mama akianguka mchana, nyumbani tupo mimi na kochi.

"Unamwita mama wa jirani," nikajaribu.

"Na jirani akiwa shambani?"

"Mwacheni mwalimu, anatafuta mlango," binti yule akasema.

Nikasema basi, ningembonyeza. Wakanitazama kama mtu aliyekiri kuiba ng'ombe.

Jioni nilirudi kwa miguu. Habari ilikuwa imetangulia kwa bodaboda. Mama mkwe alikuwa uani akichambua choroko, amenipa mgongo kama kawaida yetu. Mke wangu alisimama mlangoni, amejikaza asicheke.

"Mama anauliza kama ni kweli."

"Mwambie ni kweli."

Akamwambia. Ungo ukapepetwa, ukatulia, ukapepetwa tena. Kisha mama mkwe akamjibu binti yake, kwa sauti ya kunifikia vizuri tu:

"Mwambie abonyeze. Lakini nikizinduka, nimkute ameshatoka nje."

Nikamwomba mke wangu amfikishie kwamba nimesikia. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, naye alishanisikia. Mke wangu akamfikishia.