Ngazi Iliyokatikia Kisogoni

Mtaani walimwita Bibi Kitana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kitana kilichochomekwa juu ya sikio, hata msibani. Alikuwa msusi. Kibandani mwake mlikuwa na viti viwili, vigoda viwili vya wateja na kioo chenye ufa. Kiti cha pili kilikuwa cha binti yake, msusi kama yeye.

Sifa yake ilitokana na mtindo alioubuni mwenyewe ujanani, akauita ngazi. Mistari ilianzia kwenye panja zote mbili, ikapanda ikipishana, kisha ikakutana kisogoni katika fundo ambalo wasusi wengine walilichungulia wakashindwa kulifumbua. Alilisuka bila kuangalia, mikono kazini, mdomo kwenye umbea.

"Mama, nifundishe basi hicho kisogo," binti alimwomba tena, juma lile ambalo mama yake alikuwa akijiandaa kwenda kutolewa mfuko wa nyongo.

"Nikufundishe ili unifukuze kibandani? Ngoja nitoke hospitali."

Chumbani mwa upasuaji, daktari wa usingizi alimwambia ahesabu polepole.

"Mwanangu, hesabu zilinishinda tangu shuleni. Niache nisuke."

Wote wakacheka. Akafumba macho, akaanza ngazi kichwani mwake, panja hii, panja ile. Alikuwa amefika kisogoni, mafungu ya nywele yamo vidoleni, dawa ilipopanda mkononi kama maji ya baridi.

Mtu aliyelala usingizi wa kawaida huamka akijua kwamba alilala. Kuna ndoto iliyobaki nusu, kuna shuka iliyojikunja, kuna hisia kwamba usiku umepita. Yeye hakupata hata kimoja. Palikuwa na kisogo, kisha pakawa na sauti: "Bibi, amka, tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Bado kisogo," alijibu kwa hasira, koo limemkauka.

Muuguzi alicheka. Binti naye alicheka aliposimuliwa.

Kicheko kiliisha jioni. Bibi Kitana aliona nywele zikining'inia darini, akamwita muuguzi mwizi wa kitana. Mambo hayo yalipita, kidonda kikafunga, akarudi nyumbani. Hata hivyo alikuwa akiacha sufuria motoni, na umbea aliouanza ulimfia mdomoni. Binti akamrudisha hospitali.

"Dawa yenyewe ilishatoka mwilini," daktari alieleza. "Lakini kwa watu wa umri wake, akili huweza kuvurugika baada ya upasuaji. Wengi hurejea. Wachache hawarejei kabisa pale walipokuwa, na sababu hatuijui vizuri. Tumpe muda."

Muda walimpa. Mvua zikaja, zikaondoka.

Ndipo alipoingia kibandani Mama Mkate, muuza mikate wa mtaa wa pili, aliyesukwa ngazi tangu akiwa mwari. Alijiketisha kwenye kigoda bila kuuliza.

"Nisuke, shoga. Nimechoka kutembea na kichwa kama fagio."

Panja zilikwenda vizuri. Vidole vilikumbuka, na binti akasogeza kiti chake karibu. Walipofika kisogoni, mikono ikasimama.

"Hapo huwa unanivuta mpaka machozi yananitoka," Mama Mkate alisaidia. "Vuta tu, sitapiga kelele leo."

Bibi Kitana alivuta. Alipitisha fungu la kushoto juu, akalifumua. Akapitisha la kulia, akalifumua pia.

"Mama, la kati linaingia wapi?" binti aliuliza kwa upole. "Nionyeshe hata kwa kubahatisha."

"Nyamaza! Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelishika."

Akafumba macho, akarudi kule kitandani, chini ya taa kubwa, kwenye maji ya baridi mkononi. Alifika kisogoni. Baada ya hapo hapakuwa na giza wala ukungu ambao angeweza kuupapasa. Palikuwa na sauti tu: Bibi, amka, tumemaliza.

Mama Mkate aligeuka, akamwona, akaacha utani. Alitoa kitambaa mkobani, akajifunga kichwa chote.

"Imetosha, shoga. Imependeza."

"Hujajitazama kwenye kioo."

"Nitajitazama nyumbani."

Juma lililofuata Mama Mkate alirudi, akakaa kwenye kigoda cha upande wa binti, akaomba mistari ya kawaida tu, ile inayosukwa na kila mtu. Bibi Kitana alikaa pembeni akiwachambulia nywele za bandia, fungu moja moja. Kitana kilikuwa juu ya sikio lake. Kila binti alipokihitaji, alinyoosha mkono akakichomoa, na mama yake hakugeuka.