Mshahara Ulipopanda Kabwe

Siku tajiri wangu wa Kabwe, kule ziwani, aliponiambia ataniongeza mshahara, nilimshukuru kwa mdomo tu. Tulikuwa tumesimama kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, jua limeshika, na yeye alitarajia nifurahi. Alikuwa mama wa Kiislamu mwenye mitumbwi miwili ya kuvulia, mwepesi wa kucheka, na aliniamini kwenye mizigo yake kuliko hata wadogo zake.

"Mbona hufurahi?" akauliza.

Nikamweleza jambo ambalo hakuwa akilijua, kwamba mimi nilikuwa muflisi kwa amri ya mahakama.

Kabla ya hapo nilikuwa mfanyabiashara wa mahindi pale Majengo, mjini Sumbawanga. Nilikuwa na stoo na mashine ya kusaga, na nilinunua mahindi ya wakulima wa Chala, mengine kwa mkopo wa benki, mengine kwa ahadi tu. Mwaka mmoja bei ilianguka wakati stoo yangu imejaa hadi darini. Nilisubiri ipande, haikupanda. Wadudu wakaingia kwenye magunia. Mwisho nilikwenda mahakamani mwenyewe kusema siwezi kulipa. Stoo ikauzwa, mashine ikauzwa, na madeni niliyokuwa nawadai watu yakawekwa mikononi mwa mfilisi, ofisa aliyepewa kazi ya kukusanya kilicho changu na kuwagawia wanaonidai. Mimi niliachiwa nguo, vyombo, vitanda na cherehani.

Nikapata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni. Kila mwezi sehemu ya mshahara ilikwenda kwa mfilisi, iliyobaki ikawa ya nyumbani. Na sharti lilikuwa moja ambalo mfilisi alilirudia mara mbili, akininyooshea kalamu: kipato chako kikibadilika, uje useme. Hapo sikulitilia maanani sana. Kipato cha mpishi wa nyumba ya wageni kingebadilika kwenda wapi? Ndipo nikaitwa Kabwe kusimamia ununuzi na ukaushaji wa dagaa, nikaanza kwa mshahara uleule wa mjini, na sasa tajiri alitaka kuupandisha karibu mara mbili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi tuseme unalipwa ule wa zamani. Huu mwingine nitakupa mkononi. Nani atajua?"

Alikuwa ananitakia mema, na mpaka leo simlaumu. Nikamwomba anipe muda niende nyumbani.

Mume wangu alikuwa amebaki kijijini, juu kwenye baridi, akilima mahindi na ulezi kwenye shamba la wazazi wake. Nilimkuta akipura ulezi. Nilipomweleza hakuacha kupiga kwa muda, halafu akaweka fimbo chini.

"Mtoto amerudishwa kwa michango ya shule," akasema. "Unajua?"

"Sikujua."

"Mimi sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu hali ya hapa."

Tulikula ugali wa ulezi na majani ya maboga bila kuligusa tena jambo lile. Nililifikiria sana. Kilichonitia hasira ni hesabu yake: nikifanya kazi zaidi, wengine ndio wanaofaidi. Lakini nilijiona pia nikiwa Kabwe nikishtuka kila inapoita simu isiyo na jina, nikimwonya tajiri asiseme, nikiwafundisha wanangu cha kujibu wakiulizwa mama anapata ngapi. Nilikuwa nimeshaishi hivyo mwaka ule wa mahindi, nikijificha nyuma ya stoo wakulima wakija, na sikutaka kurudi huko hata kwa mshahara mara tatu.

Asubuhi nikapanda basi kwenda mjini.

Mfilisi hakuonyesha kushangaa wala kunipongeza. Aliniuliza kuhusu michango ya shule, nauli ya Kabwe, kodi ya chumba nilichopanga kule. Akapeleka maombi mahakamani, na baadaye makato yakapandishwa, ila si kwa nyongeza yote. Kilichobaki kilitosha kumrudisha mtoto darasani na kununua mafuta ya taa, basi. Nilitoka pale nikiwa sijui kama nimepata au nimepoteza.

Miezi ilipita. Siku moja basi langu lilisimama Chala kupakia, nikashuka kununua karanga, nikakutana uso kwa uso na mzee mmoja niliyemchukulia mahindi yake kwa ahadi. Miguu ilitaka kurudi kwenye basi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Akanitambua. "Wamenigawia tena. Safari hii ilikuwa afadhali. Nimepata mfuko wa mbolea."

"Nisamehe, baba. Si sawasawa na mahindi yako."

"Si sawasawa," akakubali. Hakutabasamu, wala hakuniambia yameisha. Akauliza kama watoto wangu hawajambo, nikajibu, honi ikapigwa. Niliporudi kitini nilielewa kitu ambacho ofisi haikunieleza: ile nyongeza niliyoiona imepotelea hewani ilikuwa imefika kwenye shamba la mtu.

Kisha serikali ikalifunga ziwa kwa msimu ili samaki wazaliane. Vichanja vikabaki vitupu. Tajiri aliniita barazani kwake akiwa na aibu kuliko mimi, akasema ataweza kunilipa nusu tu mpaka ziwa lifunguliwe. Nikakubali. Nikaendelea kupeleka makato yaleyale kwa mfilisi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba amri ile inajua kupanda tu, kushuka haijui. Zaidi ya hapo, niliona haya. Kwenda kusema umepata, hata kama inauma, unakwenda kichwa juu. Kwenda kusema umekosa kulinikumbusha siku ile ya kwanza mahakamani.

Mume wangu ndiye aliyegundua, kwa kuwa sikuwa natuma kitu nyumbani. Alishuka mpaka Kabwe na debe la unga begani. Aliliweka chini, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Walisema kikibadilika," akaniambia. "Au walisema kikipanda?"

"Walisema kikibadilika."

"Basi kimebadilika. Nenda, mama watoto."

Tukaenda wote wawili. Mfilisi alisoma barua ya tajiri wangu, akavua miwani.

"Miezi miwili hii umelipaje?"

"Kwa kubana."

"Kubana nini?"

Mume wangu akajibu kwa niaba yangu: "Tumbo."

Yule ofisa akairudisha miwani machoni. Alisema nilipaswa kuja mara moja, kwamba makato yanafuata uwezo wangu na hayakuwekwa kuwa adhabu, na kwamba ataomba yashushwe. Yakashushwa, na nilichozidisha kikahesabiwa kwenye makato ya miezi ya mbele. Ziwa lilipofunguliwa nilirudi tena kusema nimepata, na safari hiyo sikusita.

Baadaye mahakama iliniondoa kwenye hali ya kufilisika. Wote wanaonidai walikuwa wamepata sehemu, hakuna aliyepata yote. Mshahara wangu wa kwanza usiokatwa niliushika mikononi barazani kwa tajiri, nikashindwa hata kufikiri wa kufanyia nini. Nilinunua migebuka, samaki wa ziwani, mitatu mikubwa, nikapeleka nyumbani.

Sasa nina biashara yangu ndogo ya kupandisha dagaa Sumbawanga, nalipa taslimu, sichukui cha ahadi kwa mkulima wala mvuvi. Kipato kinapanda na kushuka kama cha kila mtu anayetegemea ziwa na mvua. Mwezi ukiisha namwambia mume wangu kimekuwaje, kizuri au kibaya, naye ananiambia cha shamba. Juzi nilimwambia mwezi huu ni mbaya. Akasema hata wake ni mbaya, akaniuliza kama chai bado ina moto.